Kwenda Mbinga Kupumzika Si Anasa

Ipo kasumba moja ambayo haikufunga virago pamoja na mkoloni mwaka 1961. Ni ile ya kudhani kwamba kusafiri kwa ajili ya kuiona nchi ni shughuli ya mgeni mwenye kamera shingoni. Mwananchi, kwa mujibu wa kasumba hiyo, husafiri kwa sababu nne tu: kuhamishwa, kuuguza, kuzika na kuoza. Akionekana mahali asipokuwa na ndugu, wala msiba, wala semina, watu humtazama kwa mashaka na kumwuliza amefuata nini. Ndiyo sababu mtumishi wa umma aweza kuitumikia wilaya moja kwa miaka kumi na miwili, akaagwa kwa hotuba na zawadi, bila kupanda hata kilima kimoja kati ya vile alivyokuwa akivitazama kila asubuhi kupitia dirisha la ofisi yake.

Katika Mkoa wa Ruvuma kasumba hii ina sura ya pekee. Mwalimu kijana anayepangiwa kazi Mbinga, au katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, aghalabu huipokea barua yake kama hati ya hukumu. Jamaa humpa pole. Siku anayoripoti shuleni ndiyo siku anayoanza kuifikiria barua ya uhamisho, na tangu hapo macho yake huwa barabarani, hayapo mlimani. Zamani hoja yake ilikuwa na uzito, kwa maana barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na masika yakishika gari lililotoka Songea liliweza kulala njiani pamoja na abiria wake. Hoja hiyo sasa imechakaa. Sehemu ya Peramiho hadi Mbinga, kilometa 78, iliwekwa lami kwa fedha za mkataba wa Millennium Challenge ambao Tanzania na Marekani zilitiliana saini mwaka 2008. Kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay, kilometa 66 za milima na makona, lami nayo imekwishafika. Safari iliyokuwa ya siku nzima, na pengine ya siku mbili, sasa ni ya saa chache. Yaliyobaki nyuma ni mazoea ya watu, na hayo hakuna mkandarasi awezaye kuyasawazisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Siku hizo hazikutokana na huruma ya waajiri. Wafanyakazi wa nchi nyingi walizidai kwa miaka mingi, na wengine walizigomea. Hapa nchini siku za likizo aghalabu huishia katika mambo mawili. La kwanza ni kwenda kuwaona wazazi, jambo ambalo ni la heshima na halina budi kuendelea. La pili ni kusimamia ujenzi wa nyumba isiyokwisha. Hakuna anayesema mambo hayo yaachwe. Linalodaiwa hapa ni dogo: siku tatu tu kwa mwaka, yaani mwisho wa juma mmoja na siku moja ya ruhusa, kwa mtumishi aliyeko Songea, Namtumbo, Tunduru, Njombe au Mbinga kwenyewe. Siku hizo tatu zatosha kwa mji mmoja, mlima mmoja na ziwa moja.

Anayetokea Songea asiondoke kabla ya kupita Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Halafu ni Peramiho, misheni ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1898, na baadaye Kigonsera, ambako Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alipata kusoma katika seminari. Njiani mabasi hupishana na malori yanayosomba makaa ya mawe ya Ngaka. Kisha barabara huanza kupanda, hewa hupoa, na miti ya miombo huwapisha migomba na mibuni.

Mbinga si jiji, na ni afadhali. Ni mji wa kahawa uliokaa juu ya nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari, wenye kiwanda cha kukoboa kahawa, kanisa kuu la jimbo, maduka ya pembejeo na nyumba za wageni ambazo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kulala usiku mmoja bila kukopa. Juni na Julai baridi yake humkumbusha mgeni koti alilolisahau nyumbani. Sokoni maharage ya rangi mbalimbali hukaa karibu na samaki waliopanda kutoka ziwani, dagaa wa Nyasa na mbasa waliokaushwa kwa moshi, na mtu mwenye akili ya kuuliza ataanza kufahamu papo hapo kwamba mlima na ziwa katika sehemu hii ni shamba na kitoweo cha nyumba moja. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba katika mji unaoishi kwa kahawa, mgeni akiagiza kinywaji cha asubuhi bila kutaja jina, huenda akaletewa chai ya rangi. Kahawa ni ya kuuza.

Siku ya pili ndiyo siku ya mlima, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kupanda milima ya Umatengo hakuhitaji kamba, wala viatu vya kuagiza ng'ambo. Huu si mlima wa meta 5,895 kama Kilimanjaro, wenye wapagazi na theluji. Ni milima ya watu, inayokaliwa na kulimwa, na njia zake ni zile zile wanazopita watoto waendao shule na akina mama waendao shamba. Mgeni huamka alfajiri, hupanda gari la abiria au pikipiki kuelekea Litembo, Langiro, Maguu au Kindimba, hufika kwa uongozi wa kijiji akajitambulisha, huomba kijana mmoja wa kumwongoza, kisha hutembea kwa miguu yake. Jioni amerudi Mbinga. Mguu utamwuma siku mbili, na atakuwa ameona jambo ambalo vitabu vingi vya shule vimelipita kwa sentensi moja.

Jambo hilo ni ngoro. Kwa mbali mteremko wa Kimatengo huonekana kama wavu mkubwa wa mvuvi uliotandazwa mlimani ukauke. Mtu akisogea huona kwamba kila jicho la wavu ni shimo, na kila uzi ni tuta. Mwishoni mwa mvua kubwa, kuanzia Februari hadi Machi, wanaume hufyeka majani marefu yaliyoota shamba lilipopumzishwa. Majani hayo huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mteremko na mingine ikikingama, hata shamba zima likawa miraba yenye upande wa meta mbili hivi. Hapo huingia wanawake na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya majani, ili majani yazikwe na kugeuka tuta, na pale palipochimbwa pabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta na kuvunwa Juni na Julai. Desemba, mvua zinaporudi, hupandwa mahindi katika matuta yale yale, na magugu ya palizi hutupwa mashimoni yaoze. Mahindi yakivunwa shamba hupumzika hadi Machi nyingine, na kazi huanza upya.

Kinachofanyika chini ya udongo ndicho kinachostahili kufundishwa darasani. Mvua ya mlimani inaponyesha kwa nguvu juu ya shamba la kawaida, maji hukusanya mwendo, hubeba udongo wa juu, na baada ya miaka michache mkulima hubaki akilima mawe. Katika ngoro maji hayapati nafasi ya kukimbia. Kila tone huishia katika shimo lililo karibu nalo, hutulia, huacha tope lake hapo na kuzama taratibu. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea, huku yakilifanya tuta liwe jepesi na lenye kupitisha maji lisipasuke. Kwa njia hiyo Wamatengo wamelima miteremko ambayo mgeni hushindwa hata kusimama wima juu yake, vizazi na vizazi, na mlima bado uko mahali pake.

Watu hawakuibuni kazi nzito namna hii kwa kupenda jasho. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wengi kukusanyika juu milimani, sehemu za Litembo na jirani zake, ambako palikuwa na usalama lakini hapakuwa na ardhi ya kuchezea. Kilimo cha kuhamahama hakikuwezekana tena. Ilibidi ardhi ile ile, tena ya mteremko mkali, ilishe watu mwaka hadi mwaka. Ngoro ni jibu la watu waliobanwa, na ubora wake umepimwa na muda.

Hata wakoloni waliliona. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa, limepigwa chapa, liko katika makabati ya serikali. Miaka 17 baadaye, mwaka 1955, serikali hiyo hiyo ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi kwa amri na faini, mpaka kukazuka ghasia na mpango wenyewe ukaachwa. Hapana shaka milima ya Uluguru ina udongo wake na desturi zake, na si lazima ngoro ingefaa kule. Lakini lau mabwana wale wangekwenda Umatengo kuuliza badala ya kwenda kuhesabu, wangalau wangejifunza kwamba mkulima wa mlimani huwa amekwisha kulifikiri tatizo lake kabla mtaalamu hajashuka garini.

Baada ya Uhuru walikuja watafiti wa namna nyingine. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikaa na wanavijiji wa Umatengo kwa muda mrefu, wakajifunza pia maneno ambayo kila mtumishi wa Mbinga angepaswa kuyajua kama anavyojua nambari za fomu zake. Moja ni ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, ambacho kwa desturi kilikuwa cha ukoo mmoja, wenye nyumba zao, mibuni yao na ngoro zao humo. Jingine ni sengu, kikao cha jamaa wa ukoo chini ya mzee wao, waliokula pamoja na kusuluhisha mambo yao hapo hapo penye chakula. Afisa anayelalamika kwamba wananchi hawahudhurii mikutano yake angefaidika kujua kwamba watu hao walikuwa na mikutano yao siku nyingi, tena yenye ugali.

Yasemwe na yale yasiyopendeza, kwa maana safari ya kwenda kusifu tu haina tofauti na ile ya mwenye kamera. Ngoro ni kazi ya mgongo, na sehemu kubwa ya mgongo huo ni ya mwanamke. Mwanamume akimaliza kufyeka, jembe hubaki mikononi mwa mama kwa wiki nyingi, mashimo mamia kwa mamia, mtoto yuko mgongoni au nyumbani na mkubwa wake. Fedha ya kahawa, ambayo ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kuwasomesha watoto wa Mbinga, kwa desturi ilipita mikononi mwa baba. Kijana aliyemaliza shule haoni sababu ya kuchimba mashimo, na ni vigumu kumlaumu mtu anayekimbia kazi ambayo hakuna aliyepata kumwambia kwamba ni elimu. Tena, kwa kadiri watu walivyoongezeka mlimani, wengi wamehamia sehemu za chini zenye miombo, na huko kilimo chao mara nyingi si cha ngoro. Mashamba ya ngoro yanaweza kupungua kimyakimya, bila tangazo na bila msiba, hata siku moja yakabaki katika picha.

Katika nchi nyingine mambo kama haya hupewa heshima. Ngazi za mpunga za milima ya Ufilipino ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Hapa hapa Tanzania, kihamba cha Shimbwe Juu mkoani Kilimanjaro kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa ni urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu. Ngoro inastahili heshima ya namna hiyo hiyo. Lakini heshima ya wageni haiwezi kutangulia heshima ya wenyeji. Yupo ofisa aliyeandika taarifa za hifadhi ya udongo kwa miaka mingi, naye amepita Mbinga mara nyingi ndani ya gari lililofungwa vioo, bila kujua kwamba nusu ya majibu aliyokuwa akiyatafuta yalikuwa yakipita dirishani kwa mwendo wa kilometa themanini kwa saa.

Ndiyo maana inafaa mgeni asiufanye mlima kuwa njia ya kwendea ufukweni. Lami mpya ina kishawishi hicho: mtu hutoka Songea asubuhi, huupita Umatengo wote akisinzia, na mchana yuko Mbamba Bay akiuliza samaki. Ziwa lenyewe halieleweki bila mlima. Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Lituhi na Manda, hubeba maji ya nyanda hizi, na Luhekei vilevile hushuka karibu na Mbamba Bay. Udongo ambao ngoro zinauzuia juu ni udongo ambao haufiki chini. Nyasa ni ziwa lenye kina cha zaidi ya meta 700, na kwa kuwa uso wake uko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari, sakafu yake ya mwisho iko chini ya usawa wa bahari yenyewe. Lakini uhai wake mwingi hauko huko kilindini, ambako hakuna hewa ya kuwatosha samaki. Uko juu na kandokando, penye mawe na maji maangavu, ambako mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani, hula ukoga ulioota juu ya miamba. Tope likifunika miamba hiyo, samaki hao hukosa malisho. Hivyo mama anayechimba shimo Litembo anamlinda pia mvuvi wa Liuli, ingawa wawili hao hawajapata kuonana, na siku hizi kila mmoja ana mkuu wake wa wilaya.

Siku ya tatu, basi, iwe ya ziwa. Barabara hushuka ikijipinda, masikio huziba kidogo, joto huongezeka, koti la asubuhi huvuliwa, na ghafla baina ya vilima viwili maji hutokea yakiwa yamejaa hadi upeo wa macho. Mbamba Bay ni mji mdogo wenye ghuba nzuri, mchanga safi na mitumbwi. Meli ya Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, ilijengwa ili kuunganisha bandari za upande wa Kyela na pwani hii, na ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulianza mwaka 2024, kwa hiyo anayetaka kuuona mji huu katika utulivu wake wa zamani asikawie. Anayetaka kuoga awaulize wenyeji kwanza ni wapi. Penye midomo ya mito mamba hawasomi vibao.

Mwalimu wa historia asirudi bila kufika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo, Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita vya kwanza vya dunia kutangazwa Ulaya, manowari ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilitokea na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imevutwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba kuna vita. Yeye na nahodha wa Kiingereza, Rhoades, walikuwa marafiki, na inasimuliwa kwamba alitoka kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa. London ikashangilia ushindi wa majini. Mwananchi wa Liuli, ambaye hakuulizwa kama anataka vita wala amani, alibaki na makombora yaliyoangukia pwani yake na, muda si mrefu baadaye, na kazi ya kuwabebea wazungu hao mizigo. Hapo Liuli pia amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa UMCA aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuzunguka pwani za ziwa hili kwa takriban nusu karne. Darasa zima la Vita vya Kwanza linaweza kufundishwa juu ya jiwe moja pale, bila chaki.

Lipo swali ambalo msomaji amekwisha kulishika mkononi: fedha zitoke wapi? Ni swali la haki. Mwalimu mwenye watoto watatu shuleni na mkopo benki hawezi kuambiwa kwamba kupumzika ni wajibu, kisha akaachwa hapo. Lakini yafaa hesabu ifanywe kwa uaminifu. Nauli ya basi, usiku miwili katika nyumba ya wageni ya kawaida, ugali na maharage, na ujira wa kijana wa kuongoza njia, jumla yake haifikii michango ya harusi mbili ambayo mtumishi huyo huyo hutoa kwa mwaka kwa watu asiowajua vizuri. Walimu watano wa shule moja wanaweza kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi kama wanavyochangiana katika misiba. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hukusanya ada kila mwezi, vina njia nyingi za kuitumia ada hiyo vibaya zaidi kuliko kukodi basi dogo la kuwapeleka wanachama mlimani mara moja kwa mwaka.

Kwa upande wa pili, vijiji na halmashauri haziwezi kukaa zikingoja wageni waanguke kutoka mbinguni. Kujenga hoteli si jambo la kwanza. La kwanza ni kijiji kukaa katika mkutano wake na kukubaliana ni njia zipi mgeni apite, nani amwongoze, atoe kiasi gani na fedha hizo ziingie katika mfuko upi, kisha maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni pa ofisi ya mtendaji. Pasipo karatasi hiyo, mgeni wa kwanza atalipa mara tatu na wa pili hatalipa kabisa, na baada ya mwaka mmoja wenyeji na wageni watakuwa wamechukiana. Na kwa kuwa shamba linalotazamwa lilichimbwa na wanawake, ni haki kwamba katika hao waongozaji, na katika hao wanaogawa fedha hizo, wanawake wawemo, si kama wapishi wa siku ya ufunguzi.

Mgeni naye ana adabu zake. Akimkuta mama shambani hana budi kusimama kando ya tuta, asilikanyage, na kuanza kwa shikamoo. Ataitikiwa marahaba, na asishangae swali litakalofuata likiwa: mwanangu, umekuja kupima? Kwa miaka mingi kila mtu mwenye viatu safi aliyepanda mlima huo alikuja na kamba ya kupimia, fomu, au ahadi. Itachukua muda kwa watu kuzoea kwamba mtumishi wa serikali aweza kufika shambani kwao kwa nauli yake mwenyewe, bila kalamu, akitaka tu kuonyeshwa jinsi majani yanavyopangwa. Akipewa jembe ajaribu shimo moja asichoke upesi.

Anayekwenda Juni, shule zikiwa zimefungwa, atakuta maharage yanang'olewa na kuanikwa, na mibuni imeanza kuwa myekundu. Anayetaka kuziona ngoro zenyewe zikichimbwa hana budi kwenda Machi, wakati shule ziko wazi. Basi huyo awachukue na wanafunzi wake.